Safari ya Kumwonyesha Baba Theluji

Daktari wa macho kule Ganjoni, Mombasa, alimweleza baba taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Presha ya macho ilikuwa imeshakula pembeni, na kile kidogo kilichobaki katikati nacho kingekwenda. Wakati huo baba, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Akikutazama usoni haoni mabega yako. Tulirudi Mji wa Kale kwa miguu, amenishika mkono, na tulipofika kizingitini akasimama.

"Kabla hayajafunga mato haya," akasema, "ntaka kuuona mlima wenye theluji."

Maisha yake yote alikaa dukani, karibu na Ngome ya Yesu, akiwauzia watalii vikoi na kuwasikiliza wakimsimulia Kilimanjaro. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita Mariakani, kwa sababu gari humtapisha hata kabla halijang'oa nanga. Nikamwambia hilo. Akaniuliza, sasa ile pikipiki yangu ina kazi gani?

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini naipenda kuliko inavyostahili. Mama alituita wendawazimu, kisha akatufungia halwa ya kulisha kijiji kizima. Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Tulipokaribia Kibarani baba akajifunika pua kwa ncha ya kilemba, kama watu wa kisiwani tulivyozoea tangu enzi za jaa la taka. Akangoja. Kisha akakifunua kilemba polepole na kunipigia kelele sikioni: ile harufu imekwenda wapi? Alikasirika kidogo, kana kwamba ameibiwa.

Mpango wangu ulikuwa tulale Taveta, mlima ukiwa juu ya vichwa vyetu, ili asubuhi nimfungulie mlango tu na kumwambia tazama. Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Tulipata pancha ya kwanza kabla ya Voi na ya pili baada yake. Kila niliposimama, baba alikaa kando ya barabara akimsalimia kila apitaye, hujambo na watoto na mifugo na mvua, mpaka mtu anasahau alikokuwa akienda. Nami nilikuwa nimechuchumaa juani, mikono myeusi kwa grisi, nikihesabu jua linavyoshuka na kunung'unika.

Mbele ya Mwatate tukakuta barabara imefungwa, inatengenezwa, tukaelekezwa kwenye vumbi la mashamba ya mkonge. Mistari ya mkonge ilikwenda mpaka macho yangu yakachoka. Nikapotea. Nilikuwa nikibishana na njia panda baba aliponigonga bega, "Mwanangu, simama. Kuna kitu chapumua."

Tembo walikuwa wakivuka mbele yetu. Nilizima injini. Walikuwa wekundu kwa udongo wa huko, wakubwa kuliko nyumba za mtaani kwetu, na walipita bila kishindo chochote, nyayo zao zikitua ardhini taratibu kama za mgonjwa anayetafuta viatu vyake. Sijapata kujiona mdogo vile, na ajabu ni kwamba nilifurahi.

"Umewaona, baba?"

"Nimeona mguu," akasema. "Kisha nikaona sikio. Jito moja nimeliona, lina kope ndefu kama za bibi harusi. Tembo mwenyewe sikumuona." Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, akijaribu kuviunganisha vipande, lakini tembo walikuwa wameshaingia kwenye mkonge. Hapo moyo wangu ulivunjika, maana nilielewa tundu lile limekuwa dogo kiasi gani, na tulipoipata tena barabara nikaongeza mwendo.

Mwendo huo ndio uliotuponza. Jua lilipokuwa likizama, chini ya milima ya Taita karibu na Bura, mnyororo ukakatika. Nilipiga teke tairi, nikasema maneno ambayo baba alijifanya hakuyasikia. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani akatukaribisha kwake mlimani, akatuahidi fundi asubuhi. Baba akampa halwa yote. Nililala na hasira. Taveta ilikuwa mbali, na daktari hakuwa ametuahidi mwezi wala wiki.

Alfajiri nilitoka kutia udhu nikakuta bonde lote limejaa moshi mweupe, umefunika miti mpaka kwenye ua. Nikapiga ukelele: "Moto! Tokeni! Kunaungua!" Mama mwenye nyumba akatoka mbio na ndoo, akatazama bonde, akanitazama mimi, kisha akakaa chini kwa kucheka.

"Huo ni ukungu, kaka. Huko kwenu Mombasa hakuna?"

Hakuna. Nilikuwa nimeusikia tu kwenye redio. Baba naye alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama ukungu huo unafunika na mlima. Nikamwambia ndiyo. Alinyoosha mkono akaugusa, ukamlowesha vidole.

Tulisali, tukakaa uani na chai. Jua lilipotupiga mgongoni ukungu ukaanza kutitia, kama maziwa yanayoshuka ukiyatoa motoni. Vikatoka vilele vya miti, ikatoka nyika pana isiyo na mwisho, na mbali kabisa, palipokuwa mbingu peke yake, mlima ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, wa buluu, na juu yake mstari mweupe. Nilimshika baba kichwa kwa mikono miwili nikakigeuza taratibu, kama tunavyomgeuzia maiti wetu kibla, na nikaogopa kwa kuwaza hivyo.

Chai ikapoa mkononi mwake.

"Waenea," akasema kwa sauti ndogo. "Wote waenea tunduni, waingia mzima. Huku mwisho wake, na huku mwisho wake, na theluji hiyo yuu. Subhanallah. Hapana hata kipande kilobaki nde."

Alilia, nami nikalia, na yule mama akaingia ndani akatuacha.

Fundi alimaliza mnyororo kabla ya adhuhuri. Nikaiwasha pikipiki, nikamuuliza baba kama sasa tuendelee Taveta, tuufikie mlima wenyewe.

"La, mwanangu," akasema. "Huko utakuwa mkubwa mno. Turudi nyumbani."