Merkiri nyekundu mu vitabu ya Mwalimu

Kosa ni yangu. Siiweke ku shetani, siiweke ku njaa, ata ku rafiki yangu Faustin siiweke, ijapokuwa ni mdomo yake ndiyo ilileta ile habari. Yeye alisema. Mimi niliamini.

Niliamini nini? Kaa chini kwanza.

Niliamini kama ndani ya mugongo ya vitabu ya zamani, vile vidogo vya jalada laini tunaita livre de poche, muko merkiri nyekundu, ile zebaki ya kuleta utajiri. Eti zamani ya Wabeleji waliichanganya mu gundi ya vitabu juu ya kuipitisha ku douane, ku forodha, bila mutu kujua. Eti tone moja, kubwa kama jicho ya kuku, inanunua hoteli nzima na piscine yake ya kuogelea. Na kuipima iko rahisi: unasogeza kitunguu saumu karibu, merkiri inakimbia!

Cheka tu. Lakini ujue, mimi si mutu wa bure. Niko na diplome ya Serikali! Niliipata ku shule ya jioni, nikiwa tayari na ndevu, cinquante et un pour cent, hamsini na moja juu ya mia. Siku matokeo ilitoka walinimwagia poudre nyeupe ya furaha mpaka jirani moja akapiga kelele, alizani ni mufu amefufuka. Mutu wa namna ile ndiye alienda kununua kitunguu saumu ya kupima kitabu. Yesu wangu!

Na diplome ile nani alinipatia? Ni Mwalimu, mwenye vitabu.

Mwalimu alitoka Kpandroma na mke wake, Mama Julienne, wakati vita ilipanda kule juu. Baba yangu aliwapatia nyumba ndogo ya nyuma mu parcelle yetu, kiwanja yetu, hapa Shari, mu Bunia. Wakimbizi wengine walifika na mbuzi, na godoro, na sufuria. Hawa wawili walifika na sanduku ya bati ku kichwa, nzito kama ng'ombe, na ndani muko vitabu quarante et un, arobaini na moja. Watu walicheka mpaka barabarani.

«Mwalimu, utatupikia supu ya karatasi?»

Akajibu: «Mbuzi inaweza kula vitabu yangu. Vitabu yangu haiwezi kula mbuzi. Njo sababu niliacha mbuzi.»

Hakuna mutu alielewa.

Mchana nilikuwa natengeneza moto, maana yake pikipiki, jioni ananifundisha. Kifaransa yangu yote ilitoka mu sanduku ile. Ananikopesha kimoja, nasoma, narudisha, ananipatia kingine. Isipokuwa vitatu. Kimoja kilikuwa na picha ya treni ku jalada. Kingine kilikuwa kijani, bila picha. Cha tatu kilikuwa na mwanamuke wa kofia kubwa. Vile vitatu hakukopesha ata mutu moja. Nilizania ni vitabu ya mapenzi. Nilikuwa namucheka kimoyomoyo: kumbe muzee naye!

Kisha Mwalimu akafa, kwa ugonjwa, ku kitanda yake, mambo yenye ilikuwa karibu bahati mu miaka ile. Na silaha zikanyamaza. Si amani, usinielewe vibaya. Ni ule utulivu wenye watu wanacheka ku soko lakini viatu vinalala karibu na mlango. Mama Julienne akasema anapanda kuangalia kama nyumba yake iko bado.

Akanivutia sanduku mpaka chini ya kitanda yangu.

«Papa, barabara haijaaminika. Nichungie hii mpaka nitakapokuja kuitafuta.»

«Mama, nitaichunga kama macho yangu.»

Ole wangu! Macho yangu yenyewe ndiyo iliiuza.

Faustin alikuja na habari ya merkiri, akanionesha ku téléphone. Ku mtandao kulikuwa groupe ya watu wenye kuuza na kununua vitabu ya zamani. Kitabu yenye kupasuka, yenye harufu ya panya, na watu wanagombania!

«Jiulize», Faustin akaniambia. «Mutu mwenye akili yake anunue kitabu kichakavu ya nini? Ya kusoma?»

Sisi wawili tulicheka sana. Ya kusoma!

Tukavuta sanduku. Nilianza na kipi? Na ile ya mwanamuke wa kofia. Niliwaza hivi: kama Mwalimu alivificha vitatu, basi merkiri yote iko mu vile vitatu. Angalia akili ya diplome!

Nilipasua mugongo. Na ndani, ndugu yangu, mulikuwa kitu kavu, nyekundu-nyekundu! Faustin alipiga magoti. Nikasogeza kitunguu saumu. Hakuna kitu ilikimbia. Faustin akasema labda imelala, inaomba moto. Basi tukaweka ile mugongo ku jiko ya makala, ya makaa, na karatasi ya mwisho ilikuwa imeshikamana nayo, ikaenda pamoja. Ikatoa moshi. Ikanuka kama bugali yenye kuungua. Kisha ikakwisha.

Nikatupa jalada na kurasa zingine zote mule mule, sababu mutu haachi ushahidi. Na unajua tulisema nini? Tulisema imekimbia! Kitunguu imeikimbiza!

Basi vitabu vilibaki quarante, arobaini. Nikavipiga picha, nikavitia ku mtandao. Siku ya pili mutu moja wa Aru akaniandikia kwa heshima: «Ndugu, navichukua vyote. Naomba usivipanguse, na usikate ata karatasi moja.»

Unaona? Anajua! Nikapandisha bei. Akakubali. Nikapandisha tena. Akakubali tena. Carton ikapanda lori, ikaenda. Mimi nikanunua téléphone mpya na viatu vya ncha ndefu, ndefu mpaka ncha ilikuwa inafika ku soko mbele ya mwenye viatu.

Mama Julienne alirudi asubuhi moja, kitambaa yake nyeusi ya kilio ku kichwa. Alikuwa na kikapu ya maharagi na kuku mwekundu mwenye kufungwa miguu.

«Hii ni ya kukushukuru, papa. Kuchunga kitu ya mutu si kazi kidogo.»

Kuku ile iliniangalia. Naapa, iliniangalia.

«Sikuje kubeba yote», akaendelea. «Nipatie vitatu tu. Ile ya treni, ile ya kijani, na ile ya mwanamuke wa kofia.»

«Mama, kunywa kwanza chai.»

«Chai nitakunywa. Vitabu kwanza.»

«Ju ya nini vile vitatu, Mama?»

Akaniangalia kama mutu mwenye kushangaa.

«Mwalimu hakukuambia? Ile ni watoto yangu.»

Wale watoto nilikuwa nasikia habari yao. Justin, Étienne, na Neema, kitinda mimba. Nilijua walikufa mu vita. Sikujua walizikwa namna gani. Mama alinieleza akiwa amesimama, bila machozi, kama mutu anaelekeza njia. Waliwazika mbio mbio, kila mutu pale alipoangukia. Msalaba hawakuweka, juu msalaba mupya ungeonesha kama watu walipita hapo. Basi Mwalimu alipima kwa hatua. Kila kaburi alihesabu hatua kutoka ku kitu yenye haiwezi kuhama, akaandika ku karatasi ya mwisho ya kitabu. Justin alipenda safari, akamupatia treni. Étienne alipenda shamba, akamupatia kijani. Neema alikuwa anavaa kitambaa ya mama yake na kujiita madame. Akamupatia mwanamuke wa kofia.

Njo sababu waliacha mbuzi.

«Wenye kulima kule wamerudi», Mama akasema. «Mvua iko karibu, wanataka kupanda. Nimewaomba wangojee, nishuke Bunia, nilete vitabu, niwaoneshe pahali watoto wanalala. Tuweke simenti, tutoe matanga. Wamenipatia wiki mbili. Kisha jembe inaingia.»

Nilisema nini? Nilisema sanduku iko ku depot, ku ghala ya rafiki, na rafiki amesafiri na ufunguo. Uongo kubwa kuliko mlima ya Mont Bleu! Siku tatu Mama alilala mu nyumba yake ndogo ya nyuma, anangojea ufunguo. Siku tatu kuku inatembea mu parcelle, inaniangalia. Asubuhi ya ine Mama aliniletea chakula, akasema: «Usihangaike, papa. Rafiki atafika.»

Ile «usihangaike» ndiyo ilinivunja. Nikamwambia nimeuza. Lakini kuchoma sikusema. Ata wakati wa kuungama, mutu anabakisha kidogo mu mufuko!

Nikamupigia yule wa Aru, simu ikiwa wazi, Mama anasikia. Sauti ya muzee. Nikamueleza. Akasema: «Ngoja.» Saa moja haikupita, picha mbili zikaingia, kisha yeye mwenyewe akapiga tena. Maandiko ya Mwalimu, kalamu ya bic ya bleu, sawa na ya ku kibao ya darasa.

*Justin. Hatua 32 toka ku kizingiti ya kanisa, kuelekea kisima.*

*Étienne. Hatua 9 toka ku jiwe kubwa, upande wa jua kuchwa.*

Mama alishika téléphone yangu mpya kwa mikono mbili.

«Na Neema?»

Muzee wa Aru akajibu mwenyewe: «Ya kofia haiko, mama. Nilipokea quarante. Nilivihesabu.»

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. «Nilichoma, Mama.»

Hakupiga kelele. Ningefurahi angenipiga. Aliuliza neno moja: «Uliona maandiko?»

Niliona! Hapo ndipo mateso yangu iko. Wakati karatasi ile ilikuwa inajikunja ku moto, niliona bic ya bleu, nikasoma, nikawaza ni mazoezi ya darasa. *Neema. Hatua 17 toka ku...* Na moto ikakula jina ya mahali.

Tulipanda Kpandroma pamoja. Niliiuza téléphone, nikanunua simenti. Kizingiti ya kanisa ilikuwa bado, tukamupata Justin. Jiwe ilikuwa bado, tukamupata Étienne. Kisha Mama akaketi ku majani, akaniambia: «Tembea.»

Nikatembea. Hatua dix-sept, kumi na saba, toka ku kizingiti. Dix-sept toka ku jiwe. Dix-sept toka ku kisima, toka ku mafiga ya jiko yake yenye kuungua, toka ku kisiki ya mti ya avoka. Kila pahali nilisimama, nikamuangalia, na kila pahali alitikisa kichwa. Mara moja alisema: «Mwalimu alikuwa na miguu mirefu. Weye uko mufupi.» Alisema vile bila ubaya, na nikaanza upya, nikirefusha miguu kama mutu mwenye kuruka mufereji.

Mwenye shamba alitungojea mpaka jua ikageuka. Mutu muzuri. Alivua kofia yake. «Mama, siwezi kuacha kilima nzima. Watoto yangu watakula nini?» Mama akamujibu: «Lima, mutoto yangu. Lakini usichimbe chini sana.» Aliingiza jembe polepole, polepole, kama mutu anafungua mlango ya chumba yenye muko mugonjwa.

Sasa maharagi imeota pale. Justin na Étienne wako na simenti, matanga yao imetoka. Ya Neema haiwezi kutoka. Kwa hiyo Mama anavaa bado ile kitambaa nyeusi, na najua ataivaa mpaka mwisho yake.

Na mimi nahesabu. Sina nguvu ya kuacha. Toka ku kitanda mpaka mlango ni ine. Toka ku mlango mpaka ku jiko ya makala, pale nilichoma kitabu, unajua ni ngapi? Nilipima mara tatu, nikampa Faustin apime. Dix-sept! Nilihamisha jiko. Lakini pale pa zamani sipakanyagi, nazunguka, wateja wa pikipiki wananicheka. Na jioni bugali ikiungua ku jirani yeyote, naacha chakula, natoka inje.

Faustin yeye amesahau. Sasa anasema merkiri iko mu mashini za kushonea.

Ndugu musomaji, dada yangu: mutu akikuachia sanduku, usijiulize iko na bei gani. Muulize iko na nini. Kama hayuko, ngoja arudi. Na usizanie kama diplome inakukinga na uongo. Mimi ile nilipata haikunikinga, na mwenye kunipatia ndiye nilimuibia.

Juzi nilipanda kumusalimia Mama. Nilimupelekea chumvi na sabuni, tukaketi. Nikaona nimalize kuungama, maana sababu ya kuchoma sikuwahi kumwambia. Nikamueleza yote: Wabeleji, douane, tone ya jicho ya kuku, kitunguu saumu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

«Uliona nyekundu mu mugongo?»

«Ndiyo, Mama.»

«Na kunuka, ilinuka nini?»

«Kama bugali yenye kuungua.»

Akatikisa kichwa.

«Hakuna merkiri, mutoto yangu. Ile kitabu ilipasuka mu njia, Mwalimu akaibandika. Nyekundu ni vumbi ya barabara. Gundi ni unga ya muhogo na maji. Mimi ndiye nilipika.»