Neno Nililoliandika kwenye Daftari la Mchinjaji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati moja njia ya kwenda Miono, alinipa kikombe kilichojaa maji, akaniambia nikibebe hadi mlangoni. Nilikuwa tabibu mpya, shati limenyooshwa kwa pasi, na kwa woga maji yalinimwagikia. "Umeona?" akasema. "Mkono hutetemeka kwa sababu nyingi. Utazame ukifanya kazi kabla hujaandika neno." Nilimwona mzee msumbufu tu.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnaandika kwenye kompyuta. Sisi tuliandika kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe, alilonunua dukani na kuondoka nalo. Tulichoandika kilisomwa nyumbani, pengine hata kwa jirani.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mzoefu, na kiburi kidogo, alipoletwa Mzee Salehe, mchinjaji wa kijiji, pamoja na mkewe, Bi Mwanahawa. Miezi kadhaa nyuma alianguka na baiskeli akapoteza fahamu. Alipona, kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba anakunywa tembo kwa siri, na wengine walishaanza kuikwepa nyama ya wanyama aliowachinja. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika: Aache pombe.

Binti yao, Zuhura, ndiye aliyewasomea, na jirani akasikia. Wiki ile ile kisu kikakabidhiwa mtu mwingine. Msikitini Mzee akawa anaswali safu ya nyuma kabisa.

Nilipohamishiwa Bagamoyo mjini, Mzee na mkewe walinifuata huko. Niliwaamkia, Bi Mwanahawa akaitikia marahaba, kisha akafungua daftari mbele yangu. "Mwanangu, mume wangu hajaonja pombe tangu azaliwe. Neno lako limetuvunjia heshima. Mtazame tena."

Kwa bahati, siku hiyo daktari bingwa wa ubongo alikuja kliniki kutoka Dar. Alimwambia Mzee aguse pua yake, kisha kidole cha daktari. Mkono uliokuwa umetulia pajani ulianza kuyumba, na kadiri ulivyokikaribia kidole ndivyo ulivyozidi. Akamwandikia picha ya kichwa, ikapigwe Dar. Kliniki iliyofuata tuliitazama pamoja, ikaonyesha kovu dogo ndani ya ubongo, alama ya ile ajali.

"Lakini kovu liko mbali na sehemu inayoamrisha mkono," nilijitetea.

Bingwa akanichorea: ubongo mdogo wa kisogoni, kituo cha katikati, gamba la juu, na nyuzi zinazoviunganisha. "Hivi hufanya kazi kwa pamoja, ni mtandao. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na makovu mahali tofauti, lakini yakigusa mtandao huu mmoja, wote watatetemeka. Na mtetemo unaweza kuchelewa miezi. Pombe haimo hapa. " Akaligonga daftari la Mzee kwa kidole. "Nani aliandika neno hili?"

"Mimi, daktari."

"Basi utalifuta wewe, na si hapa hospitali."

Ijumaa nilikwenda kijijini kwao. Baada ya swala imamu aliniruhusu kusimama. Nikausoma ukurasa mpya niliouandika kwenye daftari la Mzee, kwamba mtetemo umetokana na ajali, si pombe, nikasema ule wa kwanza niliuandika bila hata kumtazama mgonjwa. Kisha imamu akamwita Mzee Salehe aje akae naye mbele, na watu wakampisha.

Dawa zilipunguza mtetemo, hazikuumaliza. Kisu hakukishika tena, ila aliombwa kumfundisha aliyekabidhiwa.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu Mapinga. Majina ya wakubwa wangu wengi yamenitoka, lakini kikombe cha yule Mganga Mfawidhi nakikumbuka. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya akika ya mtoto wa Zuhura. Mzee Salehe alishika dele mwenyewe akanimiminia kahawa, nusu kikombeni, nusu mkekani. Watu waliendelea na mazungumzo yao. Bi Mwanahawa akapangusa mkeka, akamwambia mumewe, "Mwongeze, Baba Zuhura. Kikombe cha mgeni hakijajaa."