Siku Niliyocheza Mfu Mbele ya Papa Sadiki

Kuna siku naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyokufa saa nne asubuhi mtaani kwetu Keshero, nikafufuka kabla ya saa tano, tena kwa aibu.

Nilikuwa kijana wa haya nyingi. Nilimaliza shule ya primaire tu, na mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Lakini nilipenda sinema, na zaidi nilimpenda mwigizaji Papa Sadiki, maana kwetu baba huitwa papa. Huyo alishuka kutoka milima ya Masisi pamoja na wakimbizi, godoro kichwani, akaanza kuigiza kambini Mugunga ili watoto wasahau njaa. Kidogo kidogo filamu zake zikawa zinaonyeshwa katika vyumba vya video kutoka Sake mpaka Butembo. Akipita sokoni, mama wauza samaki walimtukana kwa furaha kwa mabaya aliyoyafanya ndani ya filamu.

"We mubaya! Juu ya nini ulifukuza bibi yako?"

"Atarudi, mama. Ngojea kipande ya pili!"

Nilipomwomba nafasi katika filamu yake, alinitazama, akatabasamu. "Weye hausemi. Basi utakuwa mufu. Mufu haombwi maneno."

Filamu ile ilikuwa juu ya baba anayemlilia mwanawe aliyekufa ukimbizini. Papa Sadiki alikuwa baba, mimi mwana. Kamera ilikuwa ya kuazima, imetoka Bukavu kwa siku hiyo moja. Kijana aliyekuwa akiishika alituapia kwamba filamu hii ndiyo itakayomfikisha Papa Sadiki Kinshasa. Nikalazwa juu ya mkeka, nikafunikwa kikwembe, wanawake wa kundi letu wakaanza kulia.

Kosa letu, ukilitazama, lilikuwa dogo: hatukuwaambia majirani. Nawe unajua kwetu kilio hakina mwaliko. Anayesikia anashika kuni, au makala ya kuwashia moto, au sahani ya maharage, anakuja. Basi wakaja. Chini ya kikwembe nilisikia mizigo ya kuni ikitua uani. Sisi tukafurahi kwamba tumepata waombolezaji bila kuwatafuta, na hakuna aliyefungua mdomo kuwaambia ukweli.

Kati yao alikuwamo mama mmoja mkimbizi wa Mugunga, aliyekuwa akipita na kuni zake. Vita vilimtenganisha na mwanawe, Ndoole, njiani walipokuwa wakikimbia kutoka Masisi. Akasikia Papa Sadiki akilia, "Mutoto yangu, tulitoka Masisi wote, umeniacha njiani!" Akatua mzigo, akapiga magoti, akafunua kikwembe.

Mwanangu, nilifungua macho. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, na kwa haya zangu nikacheka.

Alipiga yowe, akaanguka nyuma. Wengine wakakimbia, wengine wakacheka pamoja nami. Papa Sadiki akamwendea kwa magoti.

"Mama, unisamehe. Hapa hakuna mufu. Ni muchezo ya sinema."

"Muchezo?"

"Ndiyo, mama."

Yule mama akatazama kuni zake pale chini. "Nilizania ni Ndoole," akasema. "Nilizania leo nimemupata."

Hapo Papa Sadiki akalia. Nilishamwona akilia katika filamu nyingi, lakini kilio hiki hakikuwa na uzuri wowote. Kamasi zilimshuka mpaka kidevuni. Kamera bado ilikuwa ikimpiga picha. Mwenye kamera akanong'ona, "Endelea, Papa! Hii ndiyo ya Kinshasa!"

"Futa," akasema Papa Sadiki.

"Papa, haujalia hivi hata siku moja! Na kamera inarudi leo."

"Futa, nione ukifuta. Machozi ya mama huyu si ya kwangu."

Ikafutwa. Filamu ile haikumalizika, na Kinshasa Papa Sadiki hakufika kamwe.

Kisha akanigeukia. Nilingoja kofi. Akasema polepole, "Ulicheka sababu ya haya, ninajua. Lakini haya yako ubebe weye. Usimubebeshe mama."

Kuni za kilio hazirudi nyumbani. Tukazipikia maharage, tukala wote, majirani na waigizaji. Mama yule alipokuwa akinyanyuka kwenda, akamwambia Papa Sadiki, "Sinema zako zinafika mbali. Umuite Ndoole. Pengine iko anaangalia fasi fulani kule mbali."

Kuanzia hapo, katika kila filamu, iwe ya huzuni au ya kuchekesha, Papa Sadiki alikuwa akifungua mlango na kuita nje: "Ndoole wa Masisi, mama yako iko Mugunga!" Vita viliporudi, yule mama akahamia kambi ya Munigi, naye Papa Sadiki akabadilisha: "Mama yako iko Munigi!" Watu wa mbali walidhani ni mzaha wake, wakawa wanaurudia barabarani. Na kabla ya kupiga picha ya msiba, alipita mwenyewe mlango kwa mlango: "Kesho mutasikia kilio. Ni muchezo, musibebe kuni."

Sitakudanganya, mwanangu: Ndoole hakurudi. Lakini kila filamu mpya ilipoonyeshwa mama yake alikuja, akakaa benchi la mbele, akangoja jina lile, kisha akaondoka kabla ya mwisho. Siku moja nilipata nguvu ya kumuuliza kama jambo hilo halimuumizi.

"Mbele ya ile siku nilikuwa ninamuita mimi peke yangu," akanijibu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe usiyeujua, usiucheke, wala usiugeuze pambo la kazi yako, hata kama kazi hiyo ni nzuri na watu watakupigia makofi. Gonga mlango wa jirani kabla hujalia kwa mchezo. Na ukishamkosea mtu, usiishie kwenye pole. Pole ni rahisi, hata mimi mwenye haya nilimwambia yule mama siku ile. Tazama mkononi mwako una nini kinachoweza kumfaa, umpe, na usichoke kumpa.

Mungu akujalie sauti inayofika mbali, mwanangu, na moyo wa kuita kwa sauti hiyo jina lisilo lako. Na ukipotea wewe, asikose mtu wa kukuita.