Simu ya Kusema Nakuja

Nilipoacha kazi ya mgodini, niliwaambia watu kwamba nimechoka kuwa mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nililipenda sana neno hilo. Nililisema kantini mbele ya wenzangu, nikalisema kwa ofisa aliyenipa karatasi za kuagia, na nikalirudia kwa utingo wa basi la Kahama, ambaye alikuwa hajaniuliza chochote ila tiketi.

Nilikuwa fundi umeme. Kwa miaka mingi maisha yangu yalikuwa ya kambi: majuma kadhaa kazini upande wa Geita, siku chache nyumbani Nyahanga mjini Kahama, halafu begi begani tena. Kambini tulilishwa vizuri, tulifuliwa nguo, na tulilala chumba chenye kiyoyozi kama mabwana wakubwa. Sikuwa na la kulalamikia ila hili: wanangu walinipa shikamoo kwa adabu iliyozidi, kama wanavyompa mwalimu mkuu, kisha wakaenda jikoni kumuuliza mama yao nitaondoka lini.

Kila nilipokuja mapumziko, basi likiingia stendi ya Kahama, nilimpigia mke wangu simu. Utaratibu huo aliuweka yeye tangu zamani. "Ukifika stendi nipigie, baba watoto, nikuwekee maji ya kuoga." Nami nilipiga bila kukosa. Nikifika nilikuta uwanja umefagiliwa, maji yanatoa mvuke bafuni, watoto wameoga, na nyumba imetulia kwa namna ambayo sijaiona kwenye nyumba nyingine. Kuna wenzangu waliokuwa wakirudi kimyakimya makusudi, eti wawafume wake zao. Niliwacheka. Mimi na simu yangu nilijiona mume mstaarabu.

Nyumbani mke wangu alikuwa na biashara ndogo ya karanga. Alinunua magunia kutoka vijijini, akabangua, akapeta, akakaanga na kuzifunga kwenye vifuko vya kupeleka madukani. Kubangua na kuchagua ndiyo kazi yenyewe, kukaanga ni mchezo tu. Kazi hiyo aliifanya na mama yake mzazi, mjane aliyepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilijua kwamba mama mkwe huja kumsaidia. Nilidhani huja mara mojamoja, siku mzigo ukiwa mkubwa.

Sikuwahi kumkuta, na sikuona ajabu. Kwetu Wasukuma mama mkwe si mtu wa kukaa naye. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anatoka pembeni na kugeuka hadi mwenzake apite. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima. Mjini wengi wamekwisha kuiacha, wengine hata wanakula sahani moja na wakwe zao na kutaniana, lakini yeye alikuwa mtu wa zamani, na mimi nimelelewa Tinde na wazee wa aina hiyohiyo. Kigoda chake nilikuwa nakiona kimeegemezwa ukuta wa jiko, kwa nyuma, kwenye kivuli. Hata kukisogeza kwa mguu nilikuwa siwezi.

Mkataba wangu ulipoisha, wakubwa walikuwa tayari kuniongezea mwingine. Nikakataa. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu kichwani: wachimbaji wadogo wametapakaa kila upande, pampu zao zinaungua, mota za karasha za kusagia mawe zinaungua, na mafundi wa kuzisuka nyaya upya ni wachache. Kwa nini nikae mbali na wanangu wakati kazi inaweza kunifuata nyumbani? Mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja alitikisa kichwa. "Unaacha mshahara uwafuate watu wa maduara, wa mashimo ya kuchimba kwa mikono? Hao watakulipa mfuko wa mawe badala ya pesa." Nikamwambia mawe ya nyumbani ni mazuri kuliko wali wa kantini. Tukacheka.

Mke wangu nilimwambia kwa simu. Akanyamaza kidogo.

"Umeshaamua?" akauliza.

"Nimeshaamua."

"Basi karibu. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Niliuchukua ule ukimya kwamba ni furaha iliyokosa maneno. Nilikuwa na kichwa kigumu, na furaha yangu mwenyewe ilikuwa kubwa kiasi cha kujaza pande zote mbili za simu.

Karakana niliijenga nyuma ya jiko. Hapo ndipo palipokuwa na kivuli, na waya wa umeme ulipita karibu. Nilimuuliza mke wangu kama pana kazi nyingine. Alipatazama mahali pale, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Weka tu." Nikasimamisha nguzo, nikapiga bati, nikaleta meza ya chuma. Kigoda nilimwomba yeye akiondoe. Akakiweka stoo.

Sitadanganya kwamba miezi ile ilikuwa mibaya. Kazi ilikuja, na wanangu waliacha kunipa shikamoo ya mwalimu mkuu. Yule mdogo alizoea kukaa juu ya mota mbovu na kuniuliza kila waya unakwenda wapi. Mchana nilikula chakula kikiwa moto kwenye sahani yangu mwenyewe. Nilikuwa na raha, na raha yangu ilinizuia kuona mengine.

Magunia ya karanga yalianza kukaa. Mke wangu alibangua peke yake upande wa mbele, juani, akihamahama na kivuli cha ukuta. Mimi kule nyuma nikichoma nyaya kuukuu ili zitoke, moshi ulikuwa unaingia jikoni, na mwenye duka mmoja akarudisha mzigo, akasema karanga zinanuka vanishi ya mota. Nikatania kwamba hiyo ni ladha mpya, Kahama nzima hakuna mwingine aliye nayo. Hakucheka. Nikaona labda ni upweke wa kazi, nikamnunulia redio. Aliipokea, akashukuru, akaiweka dirishani, na mara nyingi alisahau kuiwasha.

"Mama hajambo?" nilimuuliza siku moja.

"Hajambo."

"Mbona siku hizi haji kukusaidia?"

"Atakuja akipata nafasi."

Kisha akaanza kuchelewa sokoni. Akienda asubuhi, anarudi jua limegeuka. Mimi nikanuna. Nimeacha mshahara nije kukaa na mke wangu, nikawaza, na mke wangu ndiye sasa hakai nyumbani. Nilimwambia hivyo kwa ukali, mbele ya watoto. Akaniomba radhi. Kumbe alikuwa anapitia kwa mama yake, wanabangua karanga kwenye kile chumba cha kupanga, magoti yao yakigusana, kwa sababu kwenye nyumba kubwa yenye uwanja kulikuwa na mwanaume anayesuka mota.

Siku moja wachimbaji wa Nyarugusu, kulekule Geita, waliniita. Pampu ya kutoa maji shimoni ilikuwa imegoma, na watu wamekaa juu bila kazi. Niliaga nyumbani kwamba huenda nikamaliza juma zima huko. Nilipofika nikakuta ni kitu kidogo, kebo imekatika ndani kwa ndani. Nikaiunga, maji yakatoka, wakanishukuru, na kesho yake nikaanza safari. Geita mjini nilinunua sato wawili wakubwa. Nilipofika stendi ya Kahama nikatoa simu, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Ya nini kupiga? Mimi si mgeni tena. Nilitaka kumshangaza mke wangu, maana kwa siku zile tulikuwa hatuzungumzi vizuri.

Bodaboda iliniacha kwenye kona. Nilipokaribia nilisikia kicheko nyuma ya nyumba. Mke wangu alikuwa anacheka. Tumeishi miaka yote ile na sijawahi kumsikia akicheka vile, kwa sauti, bila kujizuia, akisema Kisukuma haraka haraka kama msichana anayesimulia umbea. Nilifurahi, hata nilitembea kwa kunyata. Nikazunguka jiko nikiwa nimeinua wale samaki juu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chini ya bati langu, katikati ya mota zangu, ungo mapajani.

Aliniona. Alisimama, ungo ukaanguka, karanga zikatawanyika, akavuta kanga kichwani hadi usoni. Njia ya kutokea ilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningerudi nyuma hatua chache tu angepita. Nimeuona kichwani mwili wangu ukirudi nyuma mara nyingi sana tangu siku ile, lakini siku ile haukurudi. Yeye akageukia ua. Ua wetu ni wa manyara, na kila aliyekulia kwetu anajua kwamba manyara ukiivunja inatoa utomvu mweupe, na utomvu ule haufai hata kidogo kukaribia macho. Aliingia humo humo, kwa kichwa, mikono ikivunja matawi.

Alitoa sauti moja tu. Mke wangu akanipita pembeni mbio, akauzunguka ua.

Mgodini walitufundisha huduma ya kwanza mara kwa mara. Nilijua kila kitu. Unamshika mgonjwa kichwa, unamfungua kope kwa vidole, unamwaga maji mengi safi, kwa muda mrefu, wala huachi hata akilia. Ningeweza kumfanyia hivyo mtu yeyote aliyepita barabarani. Huyu sikuweza hata kumsogelea.

"Leta maji," mke wangu akaita.

Nikaleta ndoo. Nikaiweka karibu na ua, nikageuka, nikaupa ukuta wa jiko uso wangu, na kuuambia ukuta: "Mfungue macho kwa vidole. Mwagia polepole, kutokea upande wa pua. Usiache." Nikasikia maji yakimwagika. Nikaleta ndoo nyingine, nikageuka tena. Hapo ndipo mama mkwe aliposema kitu, kwa Kisukuma, akimwambia binti yake, sauti ikikatwakatwa na maji.

"Mwambie anisamehe. Nimeingia kazini kwake."

Niliona aibu ambayo sijui kuielezea. Nilikuwa bado nimeshika wale samaki.

Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, binti yake akiwa amemkumbatia kwa nyuma. Jioni mke wangu alirudi, akakaa kupaa sato ambao hakuna aliyekuwa na hamu nao, na akaniambia bila kuinua kichwa. Mama yake alikuwa anakuja kila siku niliyokuwa kazini, tangu tulipompata mtoto wa kwanza. Wanangu walijifunza kutembea wakimshika magoti. Ule uwanja uliofagiliwa alikuwa anaufagia yeye. Maji ya kuoga alikuwa anayabandika yeye, simu yangu ikishalia, halafu anajitanda kanga na kutoka.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekwambiaje? Ondoka kwako, mama yangu apate pa kukaa?"

Akamgeuza sato, akaendelea kupaa.

Jicho moja lilipona. La pili lilibaki na ukungu. Baada ya hapo mama mkwe alirudisha ufunguo wa chumba, akaenda kuishi kwa mwanawe kijijini, ng'ambo ya Tinde. Aliwaambia watu kwamba mjini pamemshinda. Mke wangu humtembelea akipata nauli na nafasi.

Niliulizia mgodini. Niko tayari kurudi, niliwaambia, hata kwa cheo cha chini. Nafasi yangu ilikwisha chukuliwa na kijana, na hawakuwa na nyingine. Basi nikapanga fremu ya duka kando ya barabara, nikabomoa lile banda bati kwa bati, nikahamisha meza na mota zote. Pale nyuma ya jiko pamebaki alama za oili ambazo mvua haijaziondoa. Kigoda nilimwomba mke wangu akitoe stoo akirudishe kwenye kivuli. Tulimtumia mama kitenge na ujumbe kwamba uwanja uko wazi, mimi natoka asubuhi na kurudi jioni, kama zamani. Alishukuru sana kwa kitenge. Akasema atakuja jicho likimruhusu kuiona njia. Ninajua maana ya jibu hilo, ndivyo mtu wa adabu anavyokataa.

Kwa hiyo mimi niliyechoka kuwa mgeni kwangu sasa ninalipa kodi ili nisikae kwangu. Karanga bado zinakaangwa, kidogo. Jioni nikishazima mashine na kuteremsha mlango wa fremu, kabla sijapanda baiskeli, nampigia simu mke wangu. Sijakosa hata siku moja.

"Nafunga," namwambia. "Nakuja."

"Njoo tu, baba watoto," ananijibu. "Hakuna mtu."