Koti la Kapita na Miguu ya Baba

Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, hunipandisha hasira kabla sijajua inatoka wapi. Nimezurura sana maishani. Nimepanga vyumba Bukavu, Kisangani, Butembo, hata Kampala, na sidhani kama kuna mahali nilipomaliza miaka mitatu. Popote mtu anapofungua sanduku la nguo za zamani karibu nami, pua yangu inanirudisha Buleusa, kijiji chetu cha Kongo, miaka ya hamsini, mbele ya foleni ya wanaume kumi na mmoja waliokuwa wakingoja kuvaa koti moja.

Koti lilikuwa la Kapita Barume. Kapita, kwa ninyi mliozaliwa juzi, alikuwa msimamizi wa kazi za barabara, mtu mweusi mwenzetu aliyewekwa na wazungu wa Leta, yaani serikali, ili atuamshe kwa filimbi na kutuharakisha kwa fimbo. Barume alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine kijijini alikuwa navyo. Cha kwanza ni koti la kijivu lenye vifungo vinne, alilolilaza na naftalini kama mtoto mgonjwa. Cha pili ni viatu vyeusi vya kamba. Viatu hivyo alivining'iniza shingoni njia nzima kwa sababu ya matope, akavivaa tu alipofika penye nyumba ya kwanza. Sisi watoto tulikuwa tukimsubiri pale penye migomba tumwone akijifuta nyayo kwa majani, akiguna.

Mwaka wa foleni ile daraja letu la zamani lilikuwa limeoza. Kwetu daraja halijengwi, linafungwa. Baba yangu, Muhiya, ndiye aliyekuwa fundi wake. Alikwenda porini siku nyingi kuchagua kamba za mwituni, akazilaza mtoni zilainike, kisha akarusha uzi mwembamba wenye jiwe ng'ambo ya pili, uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta nene. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuning'inia. Baba alikaa juu ya maji yale yanayonguruma, mikono yote miwili ikifunga fundo, na kamba nyingine ameishika kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeachana kama vya mkono, na kidole gumba kiliweza kubana kamba mpaka ikalia. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimwita wamtanie: "Papa Muhiya, teremuka, utazaa samaki!" Naye alijibu bila kugeuka, "Muto haiulizake muntu umevaa nini." Mto haumuulizi mtu amevaa nini: huo ndio ulikuwa msemo wake kwa kila jambo, hata pale ambapo haukufaa.

Kapita Barume siku hizo zote alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya kibanda cha majani, akipiga filimbi.

Daraja jipya lilipomalizika, Leta ilileta mpiga picha kutoka Bukavu, na sanduku lake lenye miguu mitatu. Kapita alisema hakuna mtu atakayepigwa picha na nguo zilizochanika, kwa maana itaaibisha barabara yake. Basi akaazimisha koti lake. Kila aliyetaka picha alilipokea likiwa bado na joto na jasho la aliyetangulia, akalivaa, akasimama penye mdomo wa daraja na chombo chake cha kazi au mbwa wake, akalivua, akampa wa nyuma. Baba alikuwa mrefu. Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Viatu, hata hivyo, Kapita hakumwazimisha mtu. Zamu yake mwenyewe ilipofika, nakumbuka sauti yake kama ninavyokumbuka ya mama: "Piga hivi viatu kwanza! Kichwa utaona kisha!"

Kila mtu alipewa picha yake. Baba aliichunguza yake kwa siku mbili, kisha akanipa mimi niende nayo shuleni, nisimsahau.

Shule ilikuwa ya masista, upande wa Masisi, siku tatu za kutembea. Likizo fupi nililala kwa shangazi pale Lushebere, kwenye vilima vya maharagwe, ambako upepo ulikuwa baridi na watu walituita sisi wa Walikale, upande wa Buleusa, watu wa pori. Picha niliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikaa humo juma moja tu. Binti mmoja aliyelala kitanda cha jirani aliiona, akaizungusha bwenini.

"Angalieni koti! Kumbe papa ya Vumilia iko muntu mukubwa!"

"Shusha macho, weye. Angalia chini."

"Yoo! Miguu kama ya bata!"

"Si bata, ni nyani. Njo maana anapandaka miti nayo!"

Walicheka mpaka sista akaja na kengele. Kwa juma zima nilipoingia darasani walitembea kibata. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ndugu zangu, na umri huo ni mkatili. Siku ya somo la kushona nilichukua makasi, nikakata picha ile magotini. Nilikata taratibu, vizuri, kama tulivyofundishwa kukata kitambaa. Kipande cha chini nilikitupa chooni. Baada ya hapo baba yangu alikuwa koti na kichwa tu, na nilimwonyesha kila mtu.

Likizo kubwa nilirudi nayo nyumbani. Mama aliigeuza huku na huku. "Miguu iko wapi?" Kabla sijafungua mdomo baba aliitupia jicho mara moja, akajibu kutoka pale alipokuwa akichonga mpini: "Panya. Panya za Masisi zinakulaka karatasi." Akaichomeka picha kwenye majani ya dari, juu ya moto, akaendelea kuchonga. Nilishukuru moyoni kwamba baba yangu ni mtu wa kudanganyika kirahisi.

Sasa nije kwenye hasira yangu, maana sikukaa kuandika haya ili mnionee huruma.

Mwaka jana, katika kuzurura kwangu, nilipita Buleusa. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa zamani. Nilikuta Mwalimu Kambale, kijana mwema, anatengeneza ukuta wa kumbukumbu pale shuleni. Ameomba kila nyumba ilete picha za zamani, azibandike na kuandika majina chini, ili watoto wajue walikotoka. Nilifurahi kama mtoto. Nikafuata ukuta taratibu, na pale katikati nikamwona baba: koti la kijivu, mikono mifupi, nyuma yake daraja. Kaka yangu ndiye aliyeileta. Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umemla uso, umebaki doa la rangi ya chai. Chini yake, kwa mwandiko mzuri: "Kapita Barume, mjenzi wa daraja."

Na haikuwa picha ile tu. Picha nne zilikuwa na jina la Kapita. Kapita kwenye daraja, Kapita na mbwa wa kuwinda, Kapita na nyundo ya mhunzi, na moja tu iliyokuwa yake kweli. Mtu aliyekalia kiti cha kukunja sasa alikuwa mwindaji, mhunzi na fundi! Wenye uso walitambuliwa, lakini kila ambaye moshi ulimfuta uso alipewa Kapita kwa sababu ya koti.

Mtoto wa Kapita, Papa Zidore, ndiye mkubwa wa kamati ya shule. Alisimama pale na miwani yake.

"Mama, koti ni ya baba yangu. Muntu anavalaka koti yake."

"Aliazimisha! Kijiji kizima kilivaa koti ile!"

"Basi onyesha uso."

"Moshi imekula."

"Onyesha hata miguu."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanangoja. Miguu ile, ambayo mtu yeyote wa Buleusa mwenye miaka hamsini angeitambua hata gizani, ilikuwa chooni upande wa Masisi, na aliyeitupa alikuwa mimi. Ningeweza kusema panya. Neno lilikuwa tayari mdomoni, baba mwenyewe alikuwa ameniachia. Lakini nilikuwa nimetoka kumfanya mtu mwongo mbele ya umati, na hasira inayotaka ukweli kwa wengine haiwezi kujipunguzia ukweli wake yenyewe. Nikawaambia. Makasi, somo la kushona, bata, yote.

Kule nyuma, Mama Esta, bibi ambaye zamani alikuwa mmoja wa wale wateka maji wenye matani, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Zidore, mutoto yangu, uniambie. Barume angekubali picha yake ikatwe viatu? Barume? Yule angekubali bamukate kichwa, viatu ibakie!"

Wazee wote wakaangua kicheko, hata wale waliokula fimbo yake. Mama Esta akasogea ukutani, akagusa picha moja baada ya nyingine kwa ncha ya mkongojo wake, chini kabisa, ambako hakuna aliyekuwa ametazama. "Hii iko miguu tupu. Hii miguu tupu. Huyu kidole moja imepotea, njo Mateso muhunzi, nyundo ilimuangukia. Kapita yenu alikuwaka na miguu ya batu wangapi?"

Ukuta ule ulifanana na soko baada ya hapo. Watu walipiga magoti sakafuni kutazama nyayo za babu zao, wakigombana, wakiitana. Mwalimu Kambale alibandua majina kwa kisu. Papa Zidore alibaki na picha moja tu, ile yenye viatu. Aliifuta vumbi kwa kidole, akasema polepole, "Hii njo yetu," na kusema kweli nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Mwalimu akanipa kalamu. Niliandika: "Muhiya, aliyefunga daraja. Miguu yake ilikatwa na binti yake Vumilia, kwa makasi ya shule."

"Mama," Mwalimu alininong'oneza, "mambo ya aibu tunaweza kuacha."

"Ukiacha hiyo," nilimwambia, "keshokutwa atakuja mwingine na koti lake."

Mambo mawili nilichelewa kuyaelewa. La kwanza, kwamba kile nilichokata ndicho kilichofunga daraja. Koti halikushika hata kamba moja. La pili lilinijia nikiwa tayari njiani, natembea kuelekea mahali pengine kama kawaida yangu. Panya hatafuni karatasi kwa mstari ulionyooka. Baba alifanya kazi ya kukata na kupima maisha yake yote. Alijua alama ya makasi alipoiona. Aliitazama picha ile mara moja tu, akajua binti yake amemfanya nini na kwa nini, na papo hapo akanirushia uzi nivukie, bila kuniuliza nimevaa nini.