Sufuria Isiyoonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nililamba kiganja, na kwa kulamba huko nikaharibu sufuria nzima ya dengu.

Nieleze vizuri. Mimi ni binti wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini, na nimekulia kwenye jiko la mama yangu aliyekuwa akipikia shughuli za watu: harusi, hitima, maulidi. Kwetu mpishi huchota mchuzi kwa upawa, akadondoshea kiganjani, akalamba, kisha akaongeza chumvi au akaipua. Mkono unakwenda wenyewe. Basi nilipoajiriwa kwenye hoteli ya Bwana Kanti, ile ya mtaa unaotokea njia ya zamani ya Ujiji, nikapewa upawa nikoroge dengu, nikafanya kama nilivyolelewa.

Aliyeniona ni Ba. Ba kwa Kigujarati ni mama. Alikuwa mama mzazi wa Bwana Kanti, na sote tulimwita hivyo, mpaka wauza mkaa. Hakuna aliyempa cheo, lakini msimamizi wa jiko alikuwa yeye, na hata Bwana Kanti mwenye hoteli alibisha hodi kabla ya kuingia mle.

"Zaituni, umeonja?"

"Nimeonja, Ba. Imekolea kweli kweli."

Hakugomba. Alifunika sufuria, akaisogeza pembeni. "Hii sasa ya wafanyakazi. Osha mikono, tuanze upya."

Wenzangu walikula dengu ile mpaka wakalegeza mikanda. Wiki nzima walikuwa wakininong'oneza nionje tena.

Ninyi vijana mnaoingia jikoni leo, niwaambie desturi ilivyokuwa. Hoteli ile haikupika nyama, samaki wala yai. Kitunguu hakikupita mlangoni, saumu vilevile. Na kila siku, chakula cha kwanza kupakuliwa kiliwekwa kwenye sinia dogo, Bwana Kanti akakipeleka chumba cha nyuma mbele ya picha za miungu yao. Hiyo ndiyo tuliyoiita sahani ya kwanza. Kabla haijatoka, hapana mdomo ulioruhusiwa kugusa chakula, hata wa mpishi. Kwao ni sawa na kumwandalia mgeni wa heshima kitu ulichokwisha kumega. Ikishatoka ndipo wateja wanapakuliwa, na sisi wafanyakazi mwisho.

Mtaani walinicheka sana. Hoteli isiyo na nyama inauza nini, maji? Mama yangu yeye alishangazwa na kitunguu.

"Mchuzi bila kitunguu unanukia nini, mwanangu?"

"Mvuje, mama."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Mvuje huu tunaowafungia watoto wachanga wasipatwe na jicho? Wanaula?"

"Wanakaanga punje ndogo kwenye samli."

"Basi hao hakuna shetani atakayewasogelea," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kazi ilianzia chini. Nilikaa muda mrefu kwenye ungo, nikichambua dengu, choroko na mbaazi, kutoa vijiwe na punje zilizosinyaa. Kutoka hapo nikapandishwa kwenye chapati. Chapati zao ni nyembamba, hazina mafuta. Unasukuma, unababua kwenye chuma, halafu unaitupa juu ya makaa yenyewe ivimbe. Isiyovimba Ba aliiweka kando, akanisukumia donge jingine.

Kisha Bwana Kanti akaanza kunichukua safari za kununua nafaka. Yeye alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno ya utani, lakini kwenye gunia hakuwa na utani. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. Akisikia harufu ya dawa ya wadudu, gunia hilo hanunui hata upunguze bei. Mboga zilizolimwa jirani na shamba la tumbaku hakuzitaka pia, kwa ajili ya dawa zinazopigwa kule. Nakumbuka mzee mmoja wa Puge aliyekuwa akimsihi.

"Bwana Kanti, nimeweka dawa kidogo tu. Wadudu wa mwaka huu wasumbufu."

"Mzee wangu, mdudu mwenyewe ameikataa choroko yako. Mimi nitaiwezaje?"

Mzee akacheka, akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye kihenge alichohifadhia chakula cha watoto wake. Humo choroko ilikuwa imechanganywa na majivu, kama walivyofanya wazazi wake. Hiyo tuliinunua yote, na kuanzia hapo mzee yule akawa anatuwekea ya majivu kila mavuno. Siku hizi kibao cha hoteli kimeandikwa kwa rangi ya kijani, Vyakula Asilia, na wageni wa kutoka Dar wanakipiga picha. Sisi hatukuwa na jina la kuvipa. Tulikuwa na majivu na pua ya Bwana Kanti.

Mwishowe Ba akanisogeza kwenye sufuria, na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kupika. Mtu aliyezoea kuonja, ukimnyima ulimi anababaika. Ba alinifundisha kusikiliza. Haradali ikiingia kwenye samli ya moto inaruka na kulia. Ikipunguza kulia, tia bizari nyembamba, tia mvuje, mimina juu ya dengu upesi. Wao huita vaghar, sisi tungesema kuunga. Manjano mabichi yana harufu ya udongo. Harufu hiyo ikiondoka, yameiva. Chumvi unaipima kwenye kiganja chako mwenyewe, siku zote kiganja hicho hicho, kabla dengu haijachemka. Alinifundisha yote hayo, ila sahani ya kwanza ilibaki ya mkono wake. Mimi niliwapikia wateja. Sikuwahi kudhani kuwa ingekuja kuwa vingine, wala sikuona vibaya. Mambo ya ibada yao yalikuwa yao.

Ndipo Ba akaugua kifua. Alilazwa kwenye chumba kilichopakana na jiko, akakataa chakula. Maisha yake yote hakuwa amekula kilichopikwa na mtu wa nje ya familia yake, na familia yenyewe hapa Tabora ilikuwa imebaki yeye na mwanawe, ambaye kupika hakujui hata chai. Mke wa Bwana Kanti alikwisha kufariki. Ba akawa anaishi kwa maziwa na ndizi, akikonda huku tunamwona.

Bwana Kanti alituita sote. Macho yalikuwa mekundu.

"Sahani ya kwanza haitoki bila mkono wa Ba. Tangu augue napeleka maziwa na ndizi tu mbele ya picha, lakini hivyo siwezi kuwapakulia wateja siku zote. Sikukuu ya Diwali ikipita nafunga hoteli. Nitampeleka Ba Dar kwa kaka yangu. Mnisamehe, ndugu zangu."

Nilirudi nyumbani nikihesabu karo. Nilikuwa mjane mwenye watoto shuleni. Lakini nisiseme uongo, kilichoniliza zaidi ni lile jiko. Nililipenda. Nilimpenda na yule bibi mkali.

Mwaka huo Diwali iliangukia siku za mwisho za Ramadhani. Asubuhi ya sikukuu nikaenda kazini nimefunga, kama kawaida yangu. Ba akaniita chumbani. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Leo umekula?"

"Nimefunga, Ba."

"Maji?"

"Hata maji."

Ba naye alikuwa na siku zake za kufunga kila mwezi, nilizijua, maana siku hizo alikuwa mkali maradufu. "Mtu aliyefunga haonji," akasema. "Mkono wake ni safi. Nenda kapike sahani ya kwanza. Acha mlango wazi."

Nikamwambia wazi kwamba mimi nitapika tu. Kuipeleka mbele ya picha ni kazi ya Bwana Kanti.

"Nani amekuomba uipeleke?" akajibu. "Wewe pika."

Nikapika, mlango wazi. Nilikuwa kama mwari jikoni kwa mama mkwe. Nikaunga dengu, na sauti ikaja kutoka kitandani: "Moto mkubwa!" Nikapunguza. Nikapika wali, viazi vya manjano, na nsansa, majani yetu ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Ba aliyapenda akiyakaanga na haradali. Nikapakua bila kujua kitu kimekuwaje. Bwana Kanti akaichukua sahani, akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko. Aliporudi akamega chakula kile kile, akakiweka kwenye bakuli, akaniashiria nimpelekee mama yake mimi mwenyewe.

Nilimkalisha kwa mito. Alichukua tonge kwa vidole, akatia mdomoni, akafumba macho. Bwana Kanti alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema Ba.

Kisha akala mpaka bakuli likabaki tupu, akalisukuma kwangu.

"Ongeza."

Bwana Kanti aligeuka akalia ukutani kama mtoto. Jioni, adhana ya magharibi ilipolia, wageni wa sikukuu wamejaa, yeye mwenye hoteli ndiye aliyeniletea tende na bakuli la dengu ile ile. Nikaionja kwa mara ya kwanza. Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa. Nikamchungulia Ba kitandani, naye akajifanya amelala.

Hoteli haikufungwa. Ba alipona, akaishi miaka kadhaa akiniongoza kwa sauti kutoka kwenye kiti, na sahani ya kwanza ikawa yangu, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Alipofariki, Bwana Kanti alinikabidhi kisanduku chake cha viungo, na nikawa mpishi mkuu kwa cheo cha kuandikwa. Kwa jiko lile wanangu wamesoma, mama yangu alizikwa kwa heshima, na mimi nimejua kazi. Namshukuru Mungu, kisha nawashukuru watu wawili waliomwamini binti aliyeanza kwa kulamba kiganja.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Nafasi yangu ameishika Neema, binti wa Kimoravian kutoka Sikonge, niliyemfundisha kwa kumwachia mlango wazi. Hivi karibuni Bwana Kanti, naye sasa mzee wa mkongojo, alinialika kama mgeni. Nikakaa mezani, kitu ambacho sikuwahi kukifanya miaka yote ile. Neema akaniletea sinia mwenyewe, akasimama pembeni anakunja kanga.

Nikamega chapati, nikachovya dengu, nikafumba macho. Ilikuwa dengu ya Ba, ile ile.

"Bibi, vipi?" akauliza.

"Chumvi imezidi kidogo," nikamwambia, nikalikomba bakuli mpaka tupu, nikamsogezea. "Ongeza."