Siku Baba Mdogo Alipoivunja Nchi Yake

Baba mdogo wangu alikuwa na nchi. Nilimsikia akiitawala tangu nikiwa mtoto pale Makina, Kibera, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kibanda chake cha kutengeneza redio. Nchi yenyewe ilikuwa Nubia. Si ule ufalme wa kale wa mto Nili uliokufa, la. Yake haikufa. Ilikuwa na mji mkuu Dongola, treni inayofika kwa saa yake, wizara nzima ya tende, na timu ya mpira ambayo kila mara hufungwa na Misri kwa penalti. Siku moja nilimuuliza kwa nini wafungwe, na nchi ni yake mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayeongea na mjinga. "Nchi isiyofungwa ni ya uongo," alisema.

Namna ilivyookoka, hapo alikuwa na njia nyingi, na alikupa zote hata kama hukumuomba. Kulikuwa na ile ya ugomvi wa kiti cha enzi. Katika vitabu, mpwa wa mfalme alikasirika akakimbilia Misri kuomba jeshi, na ndipo mambo yakaharibika. Kwa baba mdogo, nyanya yao aliwaita wote wawili, akawawekea sinia moja, wakala, yakaisha. Kulikuwa na ile ya wapiga mishale waliolenga macho, hata wavamizi wakaomba mkataba, na mkataba haukuvunjwa tena milele. Na ile ya kanisa na msikiti kujengwa kwa ukuta mmoja, ili atakayebomoa cha mwenzake aangukiwe na chake. Wateja walikuja kuchukua redio wakaondoka na historia. Wengine hawakurudi. Nilipokuwa mdogo nilicheka, na nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuchoka, Mungu anisamehe.

Lakini nilijua inatoka wapi. Babu yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari. Vita vilipokwisha wakamwonyesha msitu, ndio hii Kibera, wakamwambia kaa hapa, wakaenda zao. Karatasi ya maana hakuna. Sasa katika nchi ya baba mdogo jeshi haliazimwi. Mwingereza anafika Dongola, anapewa chai, anaambiwa pole bwana, askari wetu wana kazi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeachwa msituni.

Haya yote yangebaki maneno ya kibandani kama si binti yangu. Alimaliza diploma ya maabara, akahangaika miaka miwili, mwishowe akapata kazi katika kiwanda kimoja cha maziwa. Kazi ya mkataba, si kibarua. Walimwambia aripoti Jumatatu fulani akiwa na kitambulisho cha taifa, au hata ile karatasi ya kukisubiri, na asipofika na kimojawapo nafasi itaenda kwa anayemfuata kwenye orodha. Tulikuwa na wiki tano.

Wakati huo tulikuwa tumehamia mtaa wa Kongo, Kawangware, chumba kimoja, baada ya mume wangu kufariki. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kitui. Mwanawe alipeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha babake, kwisha maneno. Nilipomwambia sisi Wanubi lazima kwanza tukae mbele ya kamati, tuhojiwe, na tulete mzee wa ukoo wa kutushuhudia, alishika kiuno. "Kwani nyinyi mmekuja jana?" Nikamwambia tulikuja kabla ya babu ya huyo anayetuuliza kuzaliwa. Tukacheka, kicheko cha wapi.

Mzee wa ukoo aliyebaki kwetu alikuwa mmoja tu. Ndiye baba mdogo.

Nilimfundisha kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia, baba mdogo, hapo ndani utatumia maneno manne: ndio, hapana, Makina, asante. Binti yangu akamwambia, "Babu, please, usianze story za Dongola. Hao wasee hawana time." Akaapa. Kwa siku tatu alitembea akijibu kila kitu kwa maneno yale manne, hata mkewe alipomuuliza kama amekula. Tulicheka mpaka nikaamini kweli atanyamaza.

Siku yenyewe binti aliachwa nje kwenye benchi na bahasha yake ya vyeti. Sisi tuliingia. Wazee wawili wa kamati, na ofisa kijana mwenye faili. Wazee tuliwajua, hawakuwa na neno. Ofisa ndiye aliyeuliza.

"Mzee, kwenu ni wapi?"

"Makina."

"Kwenu kabisa kabisa. Kabla ya Makina."

"Makina."

Nilimwombea dua kimoyomoyo. Ofisa akaegemea kiti, akatabasamu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na alitaka kuchangamka kidogo. "Mzee, wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa."

Laiti angesema neno lingine lolote. Niliona shingo ya baba mdogo ikisimama. Nikamkanyaga mguu, akauvuta. "Mimi mtumwa?" alisema. "Mimi nina kwetu kuliko wewe." Na hapo akaifungua nchi yake. Sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Alitoa mfalme, akatoa mkataba, akatoa reli na vituo vyake, akaeleza bendera na bei ya tende. Akasema ubalozi wao hapa Nairobi uko Kilimani, na mtu akienda na viatu vilivyong'arishwa anapewa chai kwenye kikombe cha kaure. Wazee wa kamati walitazama chini. Mmoja alijaribu, "Ndugu yangu, hiyo si ni hadithi?" Akajibiwa, "Hadithi ni hii yenu."

Ofisa alikuwa anaandika. Kalamu haikusimama. Alipomaliza alitusomea kwa sauti ya kawaida kabisa: shahidi amekiri kwamba yeye na ukoo wake wana nchi nyingine. Maombi yanasimama hadi uthibitisho. Nikaanza kulia mbele yao bila aibu. Nikasema, jamani, nchi hiyo haipo, tafuteni kwenye ramani. Akaniambia, "Mama, mimi naandika kinachosemwa."

Tulipotoka nilimwambia baba mdogo maneno ambayo mtoto hamwambii mzee. Sitayaandika. Binti yangu aliirudisha bahasha kwenye mkoba, akafunga zipu polepole.

Jumapili iliyofuata, mchana, baba mdogo alikuja Kongo kwa miguu kutoka Kibera, mtu wa umri wake, vumbi mpaka magotini. Alikataa chai. Akasema, "Chukua karatasi, uandike. Mwandiko wangu hausomeki."

Nikaandika, naye akasema moja moja, macho yake ukutani. Kwamba mpwa wa mfalme alikimbilia Misri kweli, na hakuna nyanya aliyemwita arudi. Kwamba Dongola ilianguka. Kwamba hakuna reli, hakuna wizara, hakuna ubalozi Kilimani wala popote. Nilisema inatosha, baba mdogo. Akasema, "Andika, bado." Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kwamba babu yake hakutoka hata huko Dongola. Alitoka kusini, kijiji kisichojulikana jina, akakamatwa akiwa kijana, akauzwa, akatiwa jeshini, na huko jeshini ndiko alikoitwa Mnubi. Kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo tangu utotoni.

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani akisikiliza. "Babu, si lazima useme hiyo," alisema. Akamjibu, "Wewe unataka kitambulisho au unataka mfalme?" Kisha akaomba nimalizie hivi: sina nchi nyingine isipokuwa Kenya. Akatia kidole kwenye wino, akagandamiza, akanyanyua mkono kama mtu aliyeungua.

Kamati ilikuwa ikikaa Alhamisi, na ile ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatatu yetu. Tuliwahi. Mimi na baba mdogo tukaingia, binti tena benchini. Ofisa alikuwa yuleyule. Alisoma barua yote, hata akarudia ukurasa wa pili. Nikaona uso wake umelegea, nikasema moyoni, alhamdulillahi, ni binadamu.

"Pole, mzee," alisema. "Lakini kwa hivyo siku ile ulidanganya kamati?"

Baba mdogo alinitazama. Mimi nikatazama wazee, wazee wakatazama meza. Tulikuwa hatujafikiria hilo. Akisema ndio, ni mwongo. Akisema hapana, ana nchi.

"Ndio," alisema baba mdogo.

Ofisa akaandika taratibu, karibu kwa huruma: shahidi hawezi kuaminika, waombaji walete mzee mwingine wa ukoo. Nikamwambia hakuna mwingine, wote tumewazika. Akasema anaelewa, lakini faili lazima liwe na shahidi. Akagonga muhuri kwenye nakala yetu ya barua kuonyesha imepokelewa. Ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali iliyotambua kwamba Nubia haipo, nami nimeihifadhi, sijui kwa nini.

Nje binti yangu alisimama alipotuona. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe, ile aliyoinunua soko la Toi kwa ajili ya kazi, kwamba labda watamruhusu siku hiyohiyo kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Alitusoma nyusoni.

"Babu," alisema, bila hasira, kama anayemkumbusha tu, "kuripoti ni Jumatatu."

Mzee aliyekuwa na jibu la miaka elfu moja kwa kila mtu aliyepita mbele ya kibanda chake akasema, "Najua, mama. Najua."